Mstari wa 41

Mstari wa 41 kwenye jedwali langu ni binamu yangu. Niliuandika mwenyewe tarehe 4 Agosti 2024, nikiwa nimeketi jikoni kwa shangazi huko Moiben, laptopu mapajani, bando la wiki likikaribia kuisha. Jina, shule, gredi ya KCSE, muda wake wa mita 5,000, nani alimleta kwetu. Hapo kwa "nani alimleta" nikaweka herufi za kwanza za jina langu. Shangazi alikuwa anasonga ugali. Akaniuliza bila kugeuka, "Sasa ukishaandika hapo, anaenda lini?"

Nikacheka. "Shangazi, pole pole. Hii ni kuandika tu."

"Lakini si wewe ndiye unaandika?"

Ndiyo, ni mimi nilikuwa naandika. Kazi yenyewe niliipata kwa kuzungukazunguka. Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na tangu hapo nimekula kwa kuandikia watu vitu mtandaoni: maelezo ya viatu, tovuti za mafundi wa bomba wa Uingereza na, nisidanganye, insha za wanafunzi wa Marekani waliokuwa na karo lakini hawana muda. Mteja mmoja akanipeleka kwa mwingine, na huyo mwingine akawa kocha msaidizi wa mbio ndefu katika chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza, huko katikati ya Marekani. Alitaka mtu anayeishi karibu na Eldoret. Mtu anayeweza kusoma karatasi ya matokeo ya KCSE, kuwapigia simu walimu wa michezo, na kumwambia kama muda ulioandikwa ulipimwa na mashine au na mwalimu aliyekuwa ameshika saa huku akishangilia.

Mimi nilimwita Kocha tu. Alilipa kwa saa, na alilipa kwa wakati. Kwa mtu wa kazi za mtandaoni hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Njia hii ya kutoka huku hadi vyuo vya huko si mpya. Henry Rono wa Nandi alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka wa 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Peter Rono alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, Maryland, aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka wa 1988. Sally Kipyego alianzia chuo kidogo cha South Plains, Texas, akahamia Texas Tech na kushinda mataji tisa ya NCAA. Edward Cheserek alipomaliza Oregon alikuwa na 17. Majina haya kila mtu hapa kwetu anayo mdomoni. Kijana akishinda mbio za nyika za kaunti, lazima kuna mjomba mahali atasema, "Huyu ni wa Amerika." Majina ambayo hakuna anayeyataja ni ya wale walioambiwa "tutawasiliana". Hao ndio waliojaa kwenye jedwali langu.

Mwezi wa kwanza Kocha hakuwa na jedwali. Alikuwa na simu. WhatsApp yake ilikuwa na vijana waliohifadhiwa kwa majina kama "Iten 14:05" na "rafiki wa yule mrefu". Asubuhi alisimamia mazoezi, mchana alifuatilia alama za wanafunzi wake darasani, na kila wikendi ya msimu alikuwa ndani ya basi akielekea kwenye mashindano. Kenya iko mbele yao kwa saa nane au tisa, kutegemea majira, kwa hivyo yeye alipofika nyumbani usiku kuzungumza na Kenya, huku wakimbiaji walikuwa wamekwisha amka na kufunga viatu. Aliniambia, kwa Kiingereza chake cha pole pole, kitu ambacho kwa Kiswahili ni hivi: Sijui muda wangu unaenda wapi. Nionyeshe.

Na muda wake ulikuwa na sababu ya kubana. Mbio za nyika za vyuo huko hukimbiwa na timu ya watu saba, na pointi huhesabiwa kwa watano wa kwanza. Makocha walikuwa wameshajua kwamba kikomo cha wachezaji kinakuja, nacho kilianza rasmi Julai 2025: kwa vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano yale ya mahakamani, timu ya nyika isizidi watu 17. Toa wanaoendelea na masomo, zinabaki nafasi chache za watu wapya, na si zote za Wakenya. Juu ya hapo, tangu 2018 kuna mfumo wa uhamisho unaomruhusu mwanafunzi aliye chuo kimoja kutangaza kuwa anataka kwenda kingine. Kocha anaweza kungoja mwaka mzima kijana wa Moiben apate pasipoti, au anaweza kufungua orodha hiyo usiku huu na kumpata mtu wa miaka 22 ambaye tayari ana viza, tayari ana alama za chuo, tayari amezoea baridi.

Basi nikatengeneza jedwali. Kila mtu mstari wake. Safu za kwanza zilikuwa za kawaida, kisha zikafuata hatua: ameandikiwa, amejibu, ametuma karatasi, amepita NCAA, amekubaliwa na chuo, ana fomu ya I-20, amepita Gigiri, ametua. Mwisho kabisa niliweka safu ambayo Kocha hakuwa ameiomba: amebaki. Kutua ni kitu kimoja. Kuwa bado hapo baada ya mwaka, ukikimbia na kufaulu darasani, ni kitu kingine. Na kwa kila mstari uliokufa, niliandika umekufa hatua gani na kwa nini.

Machi 2025 tulikaa chini, yeye kwake, mimi kwangu, tukahesabu misimu miwili. Majina 118. Waliotua, wanne. Waliobaki, watatu.

Ukiona namba kama hizo, kishawishi ni kuwatazama wale watatu na kuuliza wana nini. Tulifanya hivyo. Wote watatu waliletwa na mtu aliyewajua kwa miaka, mwalimu wa michezo au mwanafunzi aliye huko tayari. Wote walituma karatasi zao ndani ya wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa kati ya kumi wenye kasi zaidi. Wenye kasi zaidi walimla Kocha usiku mwingi wa simu na video, halafu wakaenda chuo kingine, au wakapata meneja na kuanza kukimbia kwa pesa. Hilo lilikuwa somo, lakini watu watatu ni wachache mno kujengea sheria. Tukawageukia wale 114 ambao hawakutua. Waliokufa walikuwa wengi wa kutosha kutufundisha kitu.

Wengi walifia kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha KCSE kina matatu, pasipoti imeyapanga kivyake. Jina la ubatizo liko hapa, kule halipo. Mwingine alikosa pesa za mtihani wa Kiingereza wa mtandaoni, au za ada ya SEVIS ya dola 350 inayolipwa kabla ya mahojiano ya viza. Hapo suluhisho lilikuwa rahisi, na tungeliona mapema kama tungekuwa tunaandika: omba karatasi kwanza, uliza kasi baadaye. Kijana ambaye majina yake hayalingani anahitaji kuambiwa siku ya kwanza aanze kuyarekebisha, si siku ya mia.

Lakini kulikuwa na kundi la pili. Mistari 37 ambayo kwenye safu ya "kwa nini" sikuwa na cha kuandika. Nilifungua mazungumzo yao moja moja. Kwa wote 37, ujumbe wa mwisho ulikuwa wa kijana, si wetu. *Habari Kocha, kuna news?* Wiki mbili baadaye: *Habari Kocha, bado nangoja.* Kisha picha ya kiatu chenye matope. Kisha salamu za Krismasi. Kisha kimya.

Nilikuwa nimemwomba Kocha aandike muda wake kwa wiki sita, kila usiku, dakika ngapi na kwa nani. Alitumia kama saa 11 kwa wiki kwa mambo ya Kenya. Karibu saa tano zilienda kwa watu ambao alikuwa ameshaamua moyoni kwamba hawachukui. Hakuwajibu kwa kukataa. Alijibu kwa *keep training*, kwa dole gumba, kwa *soon*. Na kila dole gumba lilizaa ujumbe mwingine wiki iliyofuata.

Kumbe muda wake ulikuwa unaenda huko, kwa "hapana" ambazo hakuzisema.

Nilikuwa na rangi ya hao. Kijivu. Kijani ni anayesonga, njano ni anayengoja karatasi, nyekundu ni aliyekataliwa. Kijivu maana yake ilikuwa: hapana, ila hajaambiwa, kwa sababu huenda yule mwingine akavunja ahadi. Kocha ndiye aliyeitaka rangi hiyo. Mimi ndiye niliyeipaka.

Mstari wa 41 niliupaka kijivu tarehe 9 Januari 2025. Kocha alikuwa amempata mtu wa uhamisho, mwenye miaka miwili iliyobaki ya kushindana, tayari kuanza muhula ule ule. Akaniandikia: *41 weka kijivu*. Nikamuuliza, "Utamwambia?" Akasema atamwandikia. Nikaweka kijivu, nikafunga laptopu, nikaenda kununua mkate.

Binamu yangu alikuwa anafanya nini wakati huo? Alikuwa anangoja, na kungoja kwake kulikuwa na gharama. Shangazi alikuwa ameuza ndama mmoja kwa ajili ya pasipoti na mtihani wa Kiingereza. Oktoba kulikuwa na mbio za barabarani mjini, kilomita 10, zenye zawadi. Kocha alikuwa amemwonya asiguse pesa za ushindi, zisije zikamharibia nafasi yake mbele ya NCAA. Kwa hivyo alisimama kando ya barabara na sisi wengine, akawatazama wanaume anaowaacha nyuma kila Jumanne kwenye mazoezi wakipita mbele yake kwenda kuchukua hela. Alikuwa amemaliza sekondari 2023, na kanuni za Divisheni ya Kwanza wakati huo zilimpa aliyemaliza muda wa neema wa kama mwaka mmoja tu, kabla ya kila shindano analokimbia kuanza kumla misimu yake ya chuo. Kwa hiyo hata mbio zisizo na pesa alizikwepa. Alifanya mazoezi kama bingwa na kushindana na mtu yeyote hapana.

Na kila nilipoenda Moiben aliniuliza, "Brathe, kuna kitu?"

Nikamjibu, "Bado."

Neno hili "bado" ni zuri. Halifungi mlango. Kuanzia Agosti hadi tarehe 8 Januari lilikuwa kweli. Kuanzia tarehe 9 lilikuwa uongo, na nililisema kwa sauti ile ile.

Sina haja ya kujitetea, lakini niseme nilichokuwa nakijua. Mimi mwenyewe nilingoja barua ya basari muhula mzima. Ofisini waliniambia rudi wiki ijayo, rudi wiki ijayo, na mimi nikarudi. Hakuna siku mtu aliniambia hapana. Ningeambiwa hapana mwezi wa kwanza ningeahirisha masomo vizuri, kwa barua, nikatafute kazi, nirudi. Badala yake niliondoka chuoni siku niliyochoka kuuliza, nikiwa na deni na bila karatasi yoyote. Nilikijua kitu hiki kwa ndani. Na bado, Kocha alikuwa analipa kwa wakati, nami niliogopa kuwa yule kijana wa Eldoret anayemsumbua kwa sababu ya ndugu yake.

Tarehe 4 Aprili niliongeza safu. Niliiita "siku za kungoja". Ni hesabu nyepesi, kompyuta hufanya yenyewe: tarehe ya leo, toa tarehe ya ujumbe wa kwanza. Nikaipanga kuanzia kubwa hadi ndogo kwa wale wa kijivu peke yao. Kulikuwa na msichana wa Kapsowar mwenye 310. Kulikuwa na wawili wa shule moja wenye 266 kila mmoja. Wa nne alikuwa binamu yangu. 243.

Nikahesabu tena, kwa sababu najua tarehe. Siku 158 za kwanza zilikuwa za Kocha. Siku 85 zilikuwa zangu.

Nilimtumia Kocha jedwali bila maneno mengi. Usiku ule akanipigia, kitu ambacho hakuwa na mazoea nacho. Alinyamaza kwa muda, nikasikia televisheni yake ikizungumza nyuma. Kisha akasema kwamba katika kazi yake anafundishwa kutopoteza mtu. Hakuna mahali amewahi kufundishwa kumwachia mtu aende. Ukimwambia kijana hapana Januari, Machi mwenzake akivunjika mguu, utampata wapi?

Nikamwambia, "Kati ya hao wa kijivu, kwa misimu miwili, ulimrudia nani?"

Jedwali lilikuwa na jibu. Sifuri. Hakuna hata mmoja. Alikuwa amelipa saa tano kwa wiki kama bima ya kitu ambacho hakikuwahi kutokea, na vijana 37 wakamsaidia kulipa kwa siku zao.

"Nitaandika kwa wote," akasema. "Wiki hii."

"Wa 41 niachie mimi."

Nilienda Moiben Jumamosi. Binamu alikuwa ametoka kukimbia, amekaa kwenye kigogo nje ya jikoni anakwangua udongo kwenye soli na kijiti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kwenye matatu, yote yakapotea. Nikamwambia tu. Nafasi ilijaa. Haipo.

Hakuinua kichwa. "Imejaa lini?"

"Januari."

"Na wewe ulijua lini?"

Kulikuwa na kuku anakwaruza karibu na miguu yetu. Nilimtazama huyo kuku.

"Januari," nikasema.

Akaendelea kukwangua. Baada ya kitambo akauliza, "Ni siku ngapi? Yote pamoja. Wewe si ndiye huhesabu."

"Mia mbili arobaini na tatu."

"Ungeniambia siku ya thelathini," akasema, "ningekimbia zile za mjini."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Shangazi alikuwa mlangoni, na nadhani alikuwa amesikia yote, kwa sababu hakuuliza lolote. Aliniletea chai. Akaniambia, "Kunywa, mwanangu, kabla ipoe," nami nikanywa, ikaniunguza ulimi, na sikusema.

Sasa tuna utaratibu. Kila mtu anayeandika jina lake anajibiwa ndani ya siku 21: ndiyo, au hapana, au bado pamoja na tarehe ambayo bado hiyo itaisha. Kijivu nimekifuta kwenye jedwali. Ujumbe wa hapana nauandika mimi, kwa Kiswahili, na Kocha anatia jina lake chini. Unasema nafasi haipo, unasema kwa nini kama sababu ipo, unasema kama kuna karatasi ya kurekebisha kwa ajili ya chuo kingine, na unasema: uko huru kukimbia mbio zozote unazotaka. Sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza kwa sababu ya mtu mmoja.

Saa tano za Kocha zimekuwa chini ya moja. Zile nne anazitumia kuzungumza na walimu wa michezo, na wale watatu waliobaki ameanza kuwauliza nani mwingine wanamjua. Msimu uliofuata watu wawili walitua kwa njia hiyo, kutoka kwenye orodha fupi zaidi. Sijui kama hiyo ni ishara au bahati. Nitaendelea kuandika.

Nilichokuwa nakiogopa ni majibu ya zile hapana. Nilitegemea matusi. Mmoja alitukana, kwa ustadi. Wengine karibu wote waliandika kitu kimoja, kila mmoja kwa tahajia yake: asante kwa kuniambia.

Binamu yangu anakimbia barabarani siku hizi. Mara ya kwanza hakuingia kwenye zawadi. Mara ya pili aliingia, kidogo, na pesa alimpa mama yake, ambaye aliongeza za kwake akanunua ndama. Tunazungumza. Si kama zamani, lakini akinipigia napokea, na akiniuliza kitu sisemi bado.

Mstari wake sijaufuta. Kocha aliniuliza kama auondoe ili jedwali liwe safi, nikamwambia aache. Kwenye safu ya "kwa nini" nilikuwa nimeandika, ile Januari: *amekosa nafasi*. Nimeibadilisha. Sasa imeandikwa: *tulichelewa kumwambia*, na mbele yake, kwenye "nani", kuna herufi za jina la Kocha, na zangu.